Mapunye yasiyoisha: kwa nini unapaka kila siku na bado yapo

Kila Januari shule zikifunguliwa ni yaleyale. Wiki ya pili haijaisha, mwalimu wa darasa anatuma ujumbe kwenye grupu la wazazi kwamba kuna watoto wana mapunye, kila mtu akague kichwa cha mwanae na mwenye nayo abaki nyumbani mpaka apone. Hapo ndo vurugu inaanza. Mmoja anasema nyoa kipara, mwingine anasema paka mafuta ya taa usiku mmoja tu, mwingine ana krimu yake ya elfu tatu inayomaliza kila kitu, na lazima atokee mmoja wa kuandika kwa herufi kubwa kwamba huo ni uchafu tu, wazazi waogeshe watoto wao. Mwaka huu nimezisoma zile meseji mpaka nimeumia, manake miaka miwili iliyopita nilikuwa ndani ya vurugu hiyohiyo na mtoto wa dada yangu, na karibu kila ushauri unaotajwa pale tulishaujaribu.

Mtoto alikuwa na miaka sita, mi kwake ni mama mdogo, alikuja kukaa kwangu Mbagala dada alipopata kazi Dodoma. Alikuja amevaa kofia ya sufu, joto la Dar la mwezi wa kumi na mbili, na ukimwambia avue analia. Siku ya pili nilimvua akiwa amelala, nikawasha tochi ya simu. Mabaka matatu, kubwa lao kama kizibo cha soda, rangi ya kijivu, magamba juu yake kama majivu yaliyopoa, na katikati ya baka nywele zilikuwa hazijang'oka, zimekatika palepale usawa wa ngozi zikabaki vidoti vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa vibaya. Vishike hivyo vidoti kichwani, manake ndo vinaeleza karibu kila kitu.

Tuanze na jina. Mapunye ni fangasi wa ngozi ya kichwa. Wakenya utawasikia wakisema mashilingi, kwa sababu baka linakaa duara kama sarafu, au choa, jina ambalo wengi wanalitumia zaidi kwa duara za mwilini. Fangasi ni ndugu wa ule ukungu unaoota kwenye mkate uliosahaulika kabatini, ila huyu wetu chakula chake ni keratini, yaani kile kitu ambacho nywele, kucha na tabaka la juu la ngozi vimejengwa nacho. Akikaa mwilini anatoa duara, akikaa kati ya vidole vya miguu anatoa ule muwasho wa watu wanaoshinda na viatu vya kufunika, akikaa kwenye kucha zinakuwa nene na za njano. Ukoo ni mmoja.

Kwa hiyo sio minyoo. Nasema hivi kwa sababu nimeshaona mzazi anamnunulia mtoto dawa ya minyoo akiamini kuna mnyoo unazunguka chini ya ngozi na ndo unachora lile duara. Duara linatokea kwa sababu fangasi anaanza sehemu moja halafu anasambaa kwenda nje pande zote sawasawa, kama moto wa nyasi kavu. Kwamba ni fangasi lilijulikana zamani sana, daktari mmoja anaitwa David Gruby, Mhungari aliyekuwa akifanya kazi Paris, aliwaona kwa darubini kwenye nywele za wagonjwa wake miaka ya 1840.

Sasa swali la msingi, ambalo mimi lilinisumbua miezi mitano. Kama ni fangasi, na dawa za fangasi za kupaka zipo kila duka la dawa, kwa nini unapaka, unapaka, linafifia kidogo, ukiacha wiki mbili linarudi?

Fikiria gunia la mahindi lililoingiwa na fukusi. Unaweza kuyamwaga juani, ukayapepeta, ukafuta punje mojamoja na kitambaa zikang'aa, lakini fukusi yuko ndani ya punje, wewe unafuta nje. Mapunye ni hivyohivyo. Fangasi hakai juu ya ngozi tu, anashuka kando ya unywele mpaka kwenye kishimo unakotokea, halafu anauingia, na aina nyingi zinazotupata huku kwetu zinajaza vijimbegu ndani kabisa ya unywele. Unywele uliojazwa hivyo unakuwa kama mti ulioliwa na mchwa, ukifika tu nje unakatika, ndo vile vidoti vyeusi. Krimu haifiki kule. Inaua wa juu, magamba yanapungua, wewe unafurahi, na wale wa ndani wanaendelea na maisha yao.

Ndo maana dawa ya mapunye ya kichwani ni ya kumeza. Inapita tumboni, inaingia kwenye damu, na damu ndo inayolisha mzizi wa unywele, kwa hiyo unywele mpya unatoka ukiwa na dawa ndani yake tayari na fangasi hawezi kuula. Ule wa zamani unasukumwa juu, unakatika, unaondoka naye. Ukielewa hapo utaelewa pia kwa nini dawa inachukua muda mrefu, manake nywele zinakua karibu sentimita moja tu kwa mwezi na huwezi kuziharakisha.

Dawa zinazotumika sana ni mbili. Griseofulvini ndo ya zamani na bado inaheshimika, kawaida inamezwa wiki 6 mpaka 8 na wakati mwingine zaidi. Terbinafini ni ya baadaye, mara nyingi wiki 4 hivi. Zote mbili zinapimwa kwa uzito wa mtoto, na hapa ndo watu wengi wanakwama bila kujua. Kwa griseofulvini vitabu vingi vya dawa vinasema miligramu 10 mpaka 20 kwa kila kilo kwa siku, na madaktari wengi wa ngozi siku hizi wanakwenda mpaka 20 au 25. Mtoto wa kilo 20 anayepewa kidonge kimoja cha miligramu 125 kwa siku anameza kidogo mno, hata akimeza miezi mitatu, halafu mtaani tunasema hiyo dawa haifanyi kazi. Sikuandikii dozi ujinunulie. Nakuandikia ili ukifika kwa daktari au afisa tabibu umuombe ampime mtoto uzito kwanza, na kama hajampima umuulize dozi ameitoa wapi.

Kuna jambo moja dogo hakuna aliyetuambia mwanzoni. Griseofulvini inataka mafuta. Ukimeza na tumbo tupu au na chai ya rangi, sehemu kubwa inapita tu bila kuingia mwilini. Sisi tulikuwa tunampa asubuhi kabla ya shule na maji matupu kwa sababu dirishani walituambia mara moja kwa siku basi. Baadaye nikawa nampa baada ya uji wa karanga au maziwa yasiyotolewa mafuta, siku nyingine chapati. Dawa ileile, dozi ileile, ndo nikaanza kuona tofauti.

Vidonge vikali hivyo kwa mtoto si vitamharibu ini? Hilo swali mama yangu aliniuliza mara nne, na ni swali la haki. Wapo wanaoumwa kichwa au tumbo siku za mwanzo, na griseofulvini inaweza kufanya ngozi iumizwe na jua kirahisi. Mwenye ugonjwa wa ini lazima aseme mapema, na hata mtoto mzima wa afya, ukiona macho yamekuwa ya njano au mkojo mweusi, unasimamisha na kurudi hospitali siku hiyohiyo. Mjamzito hapewi griseofulvini, na mwanamke anayeitumia ajue inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Lakini watoto wengi wanamaliza dozi bila shida yoyote. Dawa ambayo kweli ina historia mbaya ya ini ni vidonge vya ketokonazo, mwaka 2013 mamlaka za dawa Ulaya na Marekani zilivibana kwa sababu hiyo, na bado kuna watu wanaviulizia dukani kwa jina. Shampoo ya ketokonazo ni kitu kingine kabisa, hiyo haina tatizo, nakuja huko.

Na kwa wanaoona vidonge ni kitu cha kutisha, wajue ilikuwaje zamani. Griseofulvini ilianza kutumika kwa binadamu mwaka 1958. Kabla ya hapo, nchi nyingi watoto wenye mapunye walipigwa miale ya eksirei kichwani ili nywele zote zidondoke, na miaka mingi baadaye baadhi yao walipata uvimbe wa ubongo na saratani ya tezi ya shingo. Nikikumbuka hilo uji wa karanga na kidonge sioni tabu yake.

Nirudi kwenye krimu, kwa sababu kuna aina moja inaniudhi kweli. Ni zile tyubu za mchanganyiko, ndani kuna dawa ya fangasi, ya bakteria, na steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli. Ukipaka, muwasho unakwisha kesho yake, wekundu unaondoka, unaapa umepona. Steroidi inachofanya ni kuwalaza askari wa mwili. Kelele inakwisha kwa sababu walinzi wamelala, mwizi bado yumo ndani na sasa anatembea kwa raha. Baka linapoteza sura ya duara, linasambaa, hata mtaalamu anapata shida kulitambua. Duka moja la dawa jirani yetu lilituuzia tyubu tano za namna hiyo, moja baada ya nyingine, na kila nikirudi kusema limerudi najibiwa ongeza moja. Angalia kwenye boksi. Ukikuta neno linaloishia na "-sone" au "-sol" pamoja na majina mengine mawili, uliza kwanza kama kuna steroidi ndani kabla hujatoa hela.

Kuna hali nyingine inayotisha zaidi na inaeleweka vibaya zaidi. Wakati mwingine mwili unaamka na kumpiga fangasi kwa hasira, baka linavimba, linakuwa teketeke kama embe lililoiva kupita kiasi, linatoa usaha, tezi za nyuma ya shingo zinavimba, mtoto anaweza kuwa na homa. Ukiliona utadhani ni jipu, na wapo wanaokimbia kulipasua. Lisipasuliwe. Ule usaha wengi wake ni vita ya mwili wenyewe, na kupasua kunaongeza kovu, na penye kovu nywele hazirudi tena maisha yote. Huyo mtoto aende hospitali haraka aanzishiwe vidonge, na daktari ataangalia kama kuna bakteria wameingia juu yake wanaohitaji dawa yao. Pia usishtuke kama siku chache baada ya kuanza dawa vinatokea vipele vidogovidogo masikioni, shingoni au mwilini vinawasha. Mara nyingi ni mwili unajibu kufa kwa fangasi. Watu wanadhani ni aleji ya dawa, wanaacha, wanarudi sifuri. Muoneshe daktari kwanza kabla hujaacha. Ila uso ukivimba au pumzi zikibana, hiyo ni dharura, usisubiri.

Haya, nyumbani sasa. Kazi ya nyumbani ni moja, kuzuia vijimbegu visizunguke wakati vidonge vinafanya kazi ndani. Umewahi kuingia kwenye mashine ya kusaga ukatoka na unga hata kwenye kope? Vijimbegu ndo vinakaa hivyo, kwenye kitana, kwenye foronya, kwenye kofia, kwenye taulo, na vinaweza kukaa hai miezi kadhaa vikisubiri kichwa. Kitu cha kwanza ni shampoo ya ketokonazo au ya selenium salfaidi, mara mbili kwa wiki, na hii usiioshe palepale, iache povu likae kichwani dakika tano ndo usuuze. Haiponyi mapunye peke yake, kwa sababu ya yale mambo ya fukusi, lakini inapunguza sana kumwagika kwa vijimbegu. Na aoge nayo kila anayeishi ndani ya nyumba, hata asiyewashwa, manake kuna watu wanabeba fangasi kichwani bila baka wala dalili. Kwetu tuliangalia watoto wote kwa tochi tukakuta binti yangu wa miaka minne ana magamba kidogo kisogoni, mi nilikuwa nasema ni mba. Mtoto wa umri huo kupata mba ya kikubwa sio kawaida. Mtoto ambaye hajabalehe akiwa na magamba kichwani, hasa nywele zinakatika, shuku mapunye mpaka ithibitishwe vingine.

Kila mtu na kitana chake. Cha mgonjwa toa nywele zote zilizonasa, kioshe na sabuni, kisha kiloweke kwenye jiki iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja kwa maji tisa, kama dakika kumi. Jiki usiichanganye na siki wala dawa ya choo, ile hewa yake inaumiza mapafu. Foronya, mitandio na kofia zifuliwe kwa maji ya moto, zikauke juani, zipigwe pasi. Badala ya ile kofia ya sufu nilimnunulia nyingine ya kitambaa ili niweze kuifua kila siku ya pili, sikumkataza kuvaa, aibu yake ilikuwa kubwa kuliko muwasho.

Kunyoa kipara sio tiba. Wembe unakata juu ya ngozi na fangasi amebaki chini, halafu wembe au mashine hiyohiyo inahamia kwa mtoto anayefuata kwenye foleni. Nywele fupi zinasaidia shampoo kufika, kwa hiyo kupunguza sio mbaya, ila mashine iwe ya kwenu au isafishwe kweli. Kupuliza spiriti sekunde mbili huku vipande vya nywele vimenasa kwenye meno haitoshi, nywele zitolewe kwanza na brashi, meno yafutwe, ndo dawa ifuate. Nilimwambia kinyozi wetu, kijana mstaarabu, akanijibu, "Mama, hakuna aliyewahi kuniambia, mi nilifundishwa kupuliza tu." Kwa mabinti angalia chanuo la msusi na zile rasta zinazorudiwa, na msuko wa kubana kama twende kilioni uahirishwe mpaka kichwa kitulie. Na kama nyumbani kuna paka mdogo au kibwa mwenye mabaka yasiyo na manyoya, huyo anaweza kuwa ndo chanzo, atibiwe naye, la sivyo mtazunguka.

Shule je? Akishaanza vidonge na shampoo anaweza kwenda shule. Kumfungia nyumbani wiki nane ni kumuadhibu kwa ugonjwa ambao pengine ameupatia hukohuko darasani. Walimu wengi hawajaambiwa hili, ukienda na karatasi ya kliniki mazungumzo yanakuwa mepesi.

Tiba za kienyeji nazisema kwa heshima, mama yangu alikuwa anampaka mjukuu wake kitunguu saumu kilichotwangwa na mafuta ya nazi kila jioni, kwa upendo kabisa. Kitunguu saumu kinaua fangasi kidogo kwenye sahani ya maabara, lakini kikikaa kwenye ngozi kinaunguza, na kilimuunguza, alitoka malengelenge. Mafuta ya nazi hayana ubaya, yanalainisha magamba, hayaponyi. Maji ya betri na mafuta ya taa naomba kabisa mtu asiguse, ile ni kuunguza kichwa cha mtoto, na kovu la kuungua ndo litakalomtoa nywele moja kwa moja. Tulimwambia bibi, "Mama, mafuta ya nazi endelea nayo, kitunguu tukiache." Akakubali, na yeye ndo aliyekuwa anakumbuka kidonge kila siku kunizidi mimi.

Uchafu? Hapana jamani. Watoto wanaogeshwa kila siku wanapata, kwa sababu wanagusana vichwa, wanabadilishana kofia, wanalala mto mmoja. Na ile ya kusema yataisha akibalehe ina ukweli nusu, mafuta ya ngozi yanayoongezeka ujanani yanamzuia fangasi na baadhi ya aina zinaondoka zenyewe, ila nyingine haziondoki, na miaka sita ya kusubiri ni mingi, anaambukiza wenzake na anaweza kupata kovu. Mtu mzima mwenye kichwa kisichoisha kuwasha mara nyingi ana kitu kingine, mba sugu, pumu ya ngozi, vipele vya kisogoni vya wanaonyoa karibu sana, na hivyo vina dawa tofauti kabisa, kwa hiyo asimalizie vidonge vya mtoto.

Sisi tulipona kwa sababu hatimaye tulipimwa. Kwenye kituo cha afya yule afisa tabibu alikwangua magamba kidogo na kuchukua vile vidoti vya nywele, akavitia tone la dawa kwenye kioo, akaangalia kwenye darubini, akaniita nione. Haikuchukua hata saa. Alisema alisomea ngozi Moshi, pale hospitali ya KCMC kuna chuo cha magonjwa ya ngozi tangu 1992 kinachofundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo watu wanaojua haya mambo wapo hata kwenye vituo vya kawaida, uliza tu nani anaona ngozi.

Utajuaje amepona? Wengi wanaacha dawa magamba yakiisha, wiki ya tatu hivi, na hapo ni mapema mno. Tafuta nywele mpya zinazotoka ndani ya baka zenye urefu sawa, zisizokatika ukizivuta taratibu, na ikiwezekana apimwe tena mwishoni. Kama wiki ya nne imefika na hakuna dalili ya nywele, rudi, pengine dozi ni ndogo au fangasi ni wa aina inayotaka dawa nyingine. Wetu alimeza wiki nane. Lile baka kubwa lilichukua mpaka mwezi wa nne tangu aanze vidonge kufunika vizuri, na siku moja asubuhi nikiwa naandaa uji akapita mbele yangu kwenda shule, nikamwita arudi kuchukua kofia yake. Akasema, "Mama mdogo, leo joto."